Wakristo Wanakusudia Nini Wanaposema Isa ni Mungu na Mtu? Maelezo kwa Wazazi Wenye Watoto Iringa na Mbeya

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Maswali ya wazazi wa Unguja na Pemba kuhusu watoto wao walioko bara yamebadilika. Zamani mzazi aliuliza habari ya nyama: imechinjwa na nani, na mwanangu ale au asile. Siku hizi swali ni la itikadi. Mama mmoja wa Pemba ameeleza kwamba kijana wake anasoma chuo huko Iringa na analala chumba kimoja na kijana wa Kilutheri mwenye adabu njema. Usiku huzungumza dini. Kijana wetu alimwambia mwenzake: Isa alikuwa akila, akilala na akiswali, sasa atakuwaje Mungu? Mwenzake hakughadhibika. Alimjibu kwa upole kwamba hayo hata wao wanayaamini, kwamba Yesu alikula na kulala kwa sababu ni mtu kweli, na ni Mungu kweli vilevile. Kijana wetu akakosa la kusema. Mama anauliza: je, hoja yetu imevunjika?

Haikuvunjika. Ila ilitupwa mahali ambapo hakuna mtu aliyesimama. Kijana alipinga jambo ambalo mwenzake halisemi, na lile analolisema hakuligusa, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. Kosa hilo si lake peke yake. Katika madrasa zetu tunawasomesha watoto kwamba Wakristo wanakosea, na hilo ni sawa. Wanakosea wapi hasa, tunaliacha. Basi leo nataka nieleze imani hiyo kama wenyewe wanavyoieleza, kisha nioneshe ni wapi hasa Qur'ani inapotutenga nayo. Allah ametuamrisha katika Suratul Maidah, aya ya 8, tufanye uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao, sembuse jirani wa chumbani asiyetufanyia ubaya. Na kumnasibishia mtu neno asilolisema si uadilifu.

Kwanza wazazi wajue watoto wao wako wapi. Hapa visiwani Mkristo ni jirani wa wachache, na wengi wetu tumekua bila ya kuzungumza naye dini hata siku moja. Kule Nyanda za Juu Kusini mambo yamegeuka. Ukishuka botini Dar es Salaam ukapanda basi, ukapita Mikumi, ukaupanda mlima wa Kitonga, unaingia Iringa na baridi yake. Ukiendelea kupitia Makambako mpaka Mbeya, unajikuta katika nchi ambayo Waislamu wapo, na misikiti ipo, lakini sisi ndio wachache. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Unyakyusa. Ni mwaka ule ambao Wahehe wa Mkwawa waliwapiga Wajerumani pale Lugalo. Wakatoliki nao waliweka kituo chao kikubwa Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa, kwanza chini ya Wabenediktini na baadaye chini ya Wakonsolata kutoka Italia. Watu waliisikia imani hiyo kwa lugha zao, kwa majina ya Mungu waliyoyajua tokea kwa mababu: Kyala kwa Wanyakyusa, Nguluvi kwa Wahehe na Wabena. Kwa hivyo mwanachuo wa Kikristo anayelala kitanda cha pili hakuokota imani yake barabarani. Ameirithi kwa bibi yake, ameimba kwaya tokea utotoni, na amesomeshwa mafundisho kabla ya kipaimara.

Na vyuo vyenyewe. Mkwawa ni chuo cha serikali, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tokea 2005. Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya nacho ni cha serikali. Lakini Chuo Kikuu cha Iringa, kilichojulikana zamani kwa jina la Tumaini, ni cha Walutheri. Ruaha ni cha Wakatoliki. Teofilo Kisanji cha Mbeya ni cha Wamoraviani. Watoto wetu wanasoma huko kote, na Allah awape ilimu yenye manufaa.

Sasa tuingie katika itikadi yenyewe. Wakristo walio wengi, Wakatoliki, Walutheri, Wamoraviani, Waanglikana na hata Wapentekoste, wanakubaliana katika jambo hili ingawa wanazozana katika mengine mengi. Wanasema Mungu ni mmoja katika nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Huyo wanayemwita Mwana, au Neno, kwao hakuumbwa na hana mwanzo. Hawasemi kwamba Mungu alioa, wala kwamba Maryam ni mke, tunamtakasa Allah na hayo. Anayewaambia Wakristo wa Iringa kwamba wao wanaamini Mungu alizaa kama watu wanavyozaa, watamuona hajui kitu, na katika hilo watakuwa na haki.

Kisha wanasema kwamba huyo Neno, kwa wakati maalumu, alichukua ubinadamu kutoka kwa Maryam. Ubinadamu kamili: mwili, roho, akili na matakwa ya kibinadamu. Wao hukuita huko kufanyika mwili, na kwa lugha ya vitabu huita umwilisho. Tokea hapo, wanasema, Yesu ni nafsi moja yenye asili mbili, asili ya Kiungu na asili ya kibinadamu. Si nusu kwa nusu, kama nyumbu aliyezaliwa baina ya farasi na punda. Si Mungu aliyevaa mwili kama mtu anavyovaa kanzu kisha akaivua. Wala si mtu mwema aliyepandishwa cheo. Ni mmoja, na ndani ya mmoja huyo asili zote mbili ni timilifu.

Maneno mawili hapa yanawachanganya vijana wetu, kwa sababu yametoka katika Kiarabu na sisi tunayatumia kwa maana nyengine. Sisi tukisema nafsi, tunafikiria roho ya mtu, au ile inayoamrisha maovu. Katika mafundisho ya kanisa nafsi ni yule mwenyewe, anayejibu ukiuliza "nani?" Waarabu wa Kikristo huita uqnum. Na asili ni kile kinachojibu ukiuliza "ni kitu gani?" Ukimuuliza Mkristo aliyesoma, Yesu ni nani? Atasema ni Mwana wa Mungu, basi, mmoja tu. Ukimuuliza, ni kitu gani? Atakupa majibu mawili: ni Mungu na ni mtu. Maulamaa wetu wa zamani waliyajua haya vizuri na wakayapa majina: lahuti kwa upande wa Uungu, nasuti kwa upande wa utu. Shahrastani, aliyefariki mwaka 548 Hijria, katika kitabu chake cha Al-Milal wan-Nihal aliyaeleza makundi ya Kikristo moja baada ya jengine na tafauti zao katika namna lahuti na nasuti zinavyoungana, bila ya kuwazidishia. Ibn Taymiyya alipoletewa waraka wa Wakristo wa Kisiprusi alijibu kwa kitabu kikubwa, Al-Jawab as-Sahih, na kwanza aliyataja maneno yao. Ndiyo desturi ya maulamaa, na sijui lini tuliiacha.

Tafauti hizo alizozitaja Shahrastani zina historia, na inafaa kijana aijue kwa ufupi. Padri wa Iskandaria aliyeitwa Arius alifundisha kwamba Mwana aliumbwa, kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwepo. Mwaka 325 Mfalme Konstantino aliwakusanya maaskofu Nikea, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, nao wakamkataa Arius na kusema Mwana ni wa dhati moja na Baba. Akaja mwengine, Apollinaris, akasema Yesu hakuwa na akili ya kibinadamu, Neno lilikaa mahali pa akili hiyo. Huyo naye akakataliwa Konstantinopoli mwaka 381, wakasema asiye na akili ya mtu si mtu kamili. Akaja Nestorius, askofu mkuu wa Konstantinopoli, akachukizwa na watu kumwita Maryam mama wa Mungu. Aliona mtoto wa Maryam ni mtu, na Uungu uko pamoja naye. Mkutano wa Efeso mwaka 431 ulimkataa kwa hoja kwamba anamgawa mmoja kuwa wawili. Kisha Eutyches akaenda upande wa pili, akasema utu umemezwa na Uungu. Hapo ndipo, mwaka 451, ukaitishwa mkutano wa Kalsedonia uliotoa kauli ya nafsi moja na asili mbili, kwa sharti kwamba asili hizo hazichanganyiki wala hazigeuki, na pia hazigawanyiki wala hazitengani. Kila sharti ni ukuta uliojengwa pale ambapo mtu alishapita.

Wala hawakukubaliana wote. Wakibti wa Misri na watu wa Habasha waliikataa Kalsedonia, na kanisa la Ethiopia mpaka leo hujiita Tewahedo, maana yake kufanywa kitu kimoja. Mzozo huo ulikuwa umeshafika miaka mia na ishirini hivi alipozaliwa Mtume wetu (S.A.W.). Kwa hivyo Ja'far bin Abi Talib (R.A.) aliposimama mbele ya Najashi na kumsomea Surat Maryam, alikuwa akisema na watu ambao suala la Isa ni nani lilikuwa limeshawagawa. Na ujumbe wa Najran ulipokuja Madina, Mtume aliwapokea msikitini mwake, akawasikiliza, akajadiliana nao kwa uwazi, na Allah akateremsha katika Al-Imran, aya ya 59, kwamba mfano wa Isa kwake ni kama mfano wa Adam, aliyeumbwa kwa udongo kisha akaambiwa kuwa, akawa. Hakuna riwaya inayosema kwamba aliwafanyia mzaha.

Hapa nitie neno moja kuhusu khabari inayozunguka sana katika simu zetu, kwamba Uungu wa Isa uliundwa na Konstantino pale Nikea kwa kura. Tuiache. Liwali wa Kirumi aitwaye Plinius aliandika barua kwa mfalme wake katika mwaka wa 112 hivi, miaka mia mbili kabla ya Nikea, akieleza kwamba Wakristo wa jimbo lake hukutana alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu. Upotofu huo ni wa zamani kuliko Konstantino. Mtoto wetu akiingia chuo na hoja ya Konstantino, mwanafunzi wa thiolojia atamzima kwa dakika mbili, na atarudi chumbani akidhani Uislamu ndio uliozimwa.

Turudi kwa yule kijana wa Iringa. Sasa tunaweza kuona kwa nini hoja ya kula na kulala haikumtikisa mwenzake. Kwa Mkristo, kila kinachosomwa katika Injili kimepangiwa mahali pake. Yesu alilala katika chombo cha wavuvi, alilia kwa msiba wa rafiki yake, alisema haijui saa ya Kiyama, alisema Baba ni mkubwa kuliko yeye, alisujudu akaomba usiku ule wa mwisho: yote haya, wanasema, ni kwa asili ya kibinadamu. Alituliza bahari, alifufua maiti, alisamehe madhambi: hayo ni kwa asili ya Kiungu. Ukileta aya kumi za upande mmoja, atakupokea zote kumi na kusema ahsante. Nimewaona vijana wetu katika mihadhara wakizihesabu aya kama hizo kwa sauti kubwa, na wenzao wa upande wa pili wakitikisa vichwa kukubali.

Swali lenye kina si "je, Isa alikula?" Swali ni hili: aliyeshikwa na njaa ni nani?

Tulizingatie. Asili haili. Ubinadamu haushikwi na njaa, mwenye ubinadamu ndiye anayeshikwa. Mimi nikiumwa na jino, husemi kwamba utu wa sheikh unaumwa, unasema sheikh anaumwa. Na wao wenyewe wamesema mwenyewe ni mmoja tu, nafsi moja, na nafsi hiyo ni ya milele, haikuumbwa. Basi kwa maneno yao wenyewe, asiye na mwanzo ndiye aliyeona njaa. Ndiye aliyenyonya, ndiye aliyesujudu. Mkristo wa mtaani mara nyingi atakwambia, hapana, ni upande wa utu tu uliokufa msalabani. Lakini Mlutheri aliyesoma hatakwambia hivyo, kwa sababu anajua kwamba kusema hivyo ni kurejea kwa Nestorius na kuwafanya wawili. Walutheri wameshikilia jambo hili kuliko wengi: kwao yanayosemwa juu ya kila asili yanasemwa juu ya huyo mmoja kwa hakika, si kwa maneno matupu. Hapo ndipo tulipofarikiana nao, na ni vizuri pajulikane pamoja na sababu yake.

Ajabu ni kwamba mmoja wa Wakristo waliolihangaikia sana swali hili aliishi hapa petu. Frank Weston, mmisionari wa Kiingereza aliyefundisha Kiungani na akawa askofu wa Kianglikana wa Zanzibar kuanzia 1908 mpaka alipofariki 1924, alitoa kitabu mwaka 1907 kiitwacho The One Christ. Kitabu kizima ni juu ya hili: mwenyewe ni nani katika maisha ya Yesu, na vipi asiye na mipaka atajua na kuhisi kwa kiasi cha mtu? Jibu lake lilikuwa kwamba Neno lilijizuia lenyewe, likakubali kuishi katika ubinadamu bila ya kuutumia uwezo wake nje ya kiasi cha ubinadamu huo. Simsifu kwa itikadi yake. Namtaja kwa sababu aliliona swali na hakulikimbia. Mtu aliyekaa karibu na Mkunazini alijua tatizo liko wapi, na sisi tunaoishi hapahapa bado tunabishana juu ya mkate na usingizi.

Qur'ani inaligusa hasa jambo hilo. Katika Suratul Maidah, aya ya 75, Allah anatueleza kwamba Masihi mwana wa Maryam si ila ni Mtume, mama yake ni mkweli, na wote wawili walikuwa wakila chakula. Mtu atauliza: kama Wakristo wanakubali kwamba alikula, aya inawajibu nini? Inawajibu kwamba mlaji ni mhitaji. Chakula ni dalili ya uhitaji, na uhitaji unakwenda kwa mwenyewe, hauishii katika asili. Aliye mhitaji hawezi wakati huohuo kuwa Al-Ghaniy, asiyehitaji chochote. Ndiyo maana aya imemtaja na mama yake pamoja, mizani moja kwa wote wawili. Na katika Surat Maryam, aya ya 30, neno la kwanza la Isa katika susu ni kujitambulisha kuwa yeye ni mja wa Allah. Angalieni vizuri: hakusema kwamba utu wake ni mja. Alisema yeye. Na katika Annisaa, aya ya 172, Allah anasema Masihi hataona unyonge kuwa mja wake. Kwetu sisi utumwa mbele ya Allah ndio utukufu wa Isa, na ndio utukufu wa Mtume Muhammad (S.A.W.) vilevile.

Wazazi wenzangu, silaha hii watoto wetu wanayo tayari. Katika madrasa zetu za Unguja na Pemba wamehifadhi sifa ishirini za wajibu na ishirini za muhali. Wamezisoma kwa sauti moja, wakitikisika kama mawimbi: Wujud, Qidam, Baqa, Mukhalafatuhu lil-hawadith, Qiyamuhu binafsihi. Mukhalafatuhu lil-hawadith ni kwamba Allah hafanani na vyenye kuzuka. Qiyamuhu binafsihi ni kwamba anasimama kwa dhati yake, hamhitaji mwengine, na kinyume chake, uhitaji, ni muhali kwake. Hilo ndilo jawabu la chumba cha Iringa, na mtoto alilijua akiwa na miaka tisa. Ila tulimpa kama wimbo, hatukumwambia ni ufunguo wa mlango gani.

Kuna swali la pili ambalo mwenzake atamuuliza bila shaka, kwa sababu huulizwa kila mara: Mungu anaweza kila kitu, kwa nini asiweze kuwa mtu? Jibu lake liko katika darasa hilohilo. Uwezo wa Allah unaambatana na yale yanayomkinika. Kuwa na mwanzo kwa asiye na mwanzo, kuwa mhitaji kwa asiyehitaji, hayo si mambo makubwa yanayotaka nguvu nyingi. Ni maneno yanayojivunja yenyewe. Hatusemi Allah ameshindwa. Tunasema hapo hakuna kitu cha kuweza.

Uadilifu unatutaka pia tuseme watakavyojibu. Watasema kwamba kunyenyekea huko hakukuwa unyonge bali mapenzi, kwamba Mungu alikubali kuonja uchungu wa viumbe ili awakomboe. Ni maneno yanayogusa moyo, na kijana aliye mbali na nyumbani katika baridi ya Mbeya anaweza kuguswa nayo. Asidanganywe kwamba ni upuuzi. Aambiwe kwamba Mola wetu amejieleza kuwa karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake, kwamba anasamehe bila ya damu ya yeyote, na kwamba hakuhitaji kuumwa ili ajue maumivu ya aliyemuumba. Mwisho wa mazungumzo huenda kila mmoja akabaki na lake. Hilo si kushindwa.

Si wote wanaobeba Biblia wanaosema haya. Mashahidi wa Yehova, ambao mtoto atakutana nao Mbeya wakibisha hodi mlango kwa mlango, hawaamini kwamba Yesu ni Mungu. Kwao ni kiumbe wa kwanza, jambo linalokaribia maneno ya Arius. Na baadhi ya Wapentekoste wanakataa nafsi tatu na kusema Yesu peke yake ndiye Baba na ndiye Mwana. Kabla ya kujibu, aulize: wewe unaamini vipi?

Khabari ya sheria nayo ijulikane. Watu wa bara wanaikumbuka kesi ya Hamisi Rajabu Dibagula, Muislamu aliyeshitakiwa Morogoro kwa kusema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Alihukumiwa kifungo cha miezi 18 chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kutamka maneno kwa dhamira ya kuumiza hisia za dini za mtu. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, na mwaka 2003 mahakama hiyo ikaifuta hatia. Kutamka itikadi ya dini yako si jinai kwa sababu tu mwengine ameumia kuisikia. Lazima ithibitike kwamba dhamira ilikuwa kuumiza. Basi kijana asiogope kusema tunavyoamini. Lakini ajue pia kwamba kifungu kipo, na kabla ya kifungu ipo amri ya Allah katika Al-An'am, aya ya 108, ya kutotukana wanavyoviabudu wengine. Kusema "Isa ni mja na Mtume wa Allah" ni shahada. Kuigiza msalaba kwa mzaha mbele ya watu wa bwenini ni ujinga, na kwetu ni kumkosea adabu Isa mwenyewe, maana ni jina lake linalochezewa.

Kuhusu vitendo, haya ndiyo ninayowajibu wanaouliza. Kukaa chumba kimoja na Mkristo, kula naye chakula cha halali, kusoma naye na kumuuguza akiumwa, yote yanafaa, na mwema atendewe wema. Kuhudhuria somo la dini ya Kikristo kama sehemu ya masomo ya chuo, kwa ajili ya kujua, kunafaa kwa aliye imara. Kushiriki ibada yenyewe hakufai. Asisimame kukiri imani yao pamoja nao, asiimbe katika kwaya nyimbo zinazomwita Isa Mungu hata kama sauti yake ni nzuri na wenzake wamemwomba, na asipokee mkate na divai ya meza yao. Hilo la mwisho vijana hulidharau wakidhani ni tonge tu. Kwa Wakatoliki na Walutheri, Yesu yumo kweli katika mkate ule, Uungu wake na utu wake. Anayeupokea anaitikia itikadi yote niliyoieleza hapo juu. Akatae kwa upole, na Wakristo wenyewe watamheshimu, kwa sababu nao hawampi asiyeamini.

La mwisho ni kwa yule mama, na wengine walio kama yeye. Mwanao amekuuliza swali, hajaritadi. Masahaba walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamwambia kwamba hupata ndani ya nafsi zao mambo ambayo kuyatamka wanaona ni makubwa mno, naye akawaambia kwamba huko kuchukizwa ndiko imani iliyo wazi. Imepokewa na Muslim. Usimpigie simu ukalia wala usimtishie kumrejesha nyumbani. Akija likizo, mketi pamoja na tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, muanze na Surat Maryam mpaka aya ya 40, kisha Al-Imran kuanzia aya ya 33 mpaka ya 64, kisha mwisho wa Al-Maidah pale Allah atakapomuuliza Isa Siku ya Kiyama. Mwache yeye asome na wewe usikilize, na akikwama mahali aandike swali lake, atuletee.

Wallahu a'lam.